Sindano Tatu za Jioni

Alhamisi, baada ya alasiri. Mvua imekatika sasa hivi. Bweni letu linanuka kanga mbichi na sabuni ya hospitali.

Assalamu alaikum dada Mwajuma, na shikamoo. U hali gani huko Pangani? Magoti yamekuachia, au masika yameyaamsha tena? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa naongeza uongo juu ya ule nilio nao tayari.

Daftari hili ni lile nililopewa na mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Nilikuwa najiandikia mwenyewe tu, mambo madogo madogo: leo tumefundishwa kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, leo nimevunja kipimajoto. Lakini tangu Jumapili kila nikishika kalamu naona uso wako. Basi kurasa hizi nitazichana. Kuna mama hapa aliyekuja kuuguza, Jumamosi anarudi Pangani, nitampa akuletee mkononi.

Nianze na lenyewe, nisikuzungushe.

Mkwe wetu Saidi, mume wa Mwanamvua wangu, amelazwa hapa wodi ya wanaume, kitanda cha saba. Ana kichomi. Kama hatainuka kwenye kitanda kile, mkono uliomlaza ni wangu mimi.

Unajua nilivyoletwa huku. Kijiji kilijenga zahanati, ikapata bati na mlango wa bluu, ikakosa mtu wa kukaa ndani. Siku ya mkutano mwenyekiti akauliza nani apelekwe kujifunza uuguzi, wanawake wakanisukuma mbele: huyu ana darasa la nne, na nusu ya watoto wa hapa amewapokea yeye. Nikapigiwa vigelegele. Nimekuja na miaka arobaini na mitatu, mwanagenzi kati ya wasichana ambao ningeweza kuwazaa. Wananiita Mama Darasa. Nikivaa lile gauni jeupe hunifungia vishikizo vya mgongoni, wakicheka, nami nacheka.

Mkubwa wetu ni Sista Agnesi. Ni Mkristo, ametoka bara, mrefu, na Kiswahili chake hakina mto wa kuegemea. Anasema neno moja linatosha. Mimi alikwisha kunionya mara mbili. Mara ya kwanza ni vipimajoto, viwili wiki moja. Mara ya pili nilimpa uji mgonjwa aliyetakiwa akae na njaa kwa ajili ya kupasuliwa. Alinililia njaa, dada, nami nikamwonea huruma. Wakaahirisha upasuaji. Sista akanipeleka jikoni kuosha masufuria siku mbili, akaniambia, "Mama, ya tatu utapanda basi."

Na siku nyingine msichana mmoja alikataa kumwogesha mjomba wake. Sista akatupanga mstari wote. "Ukivuka mlango wa wodi hakuna mjomba, hakuna mkwe, hakuna shekhe. Kuna mgonjwa. Mmesikia?"

Tukaitika, "Ndiyo, Sista."

Mimi niliitika kwa sauti kuliko wote.

Kuchoma sindano tulijifunza kwenye papai bichi. Sista alichora mistari miwili juu yake, likawa mafungu manne, akasema tako nalo ligaweni hivihivi, mchome fungu la juu la upande wa nje, hapo hamna mshipa wa kuogopa. Papai lile nililichoma vizuri. Sista mwenyewe alisema mkono wangu hautetemeki. Siku ile niliandika humu kwa herufi kubwa.

Sasa njoo Jumapili.

Naingia zamu ya mchana, napewa sinia la dawa na orodha. Sindano ya saa kumi na moja jioni, kitanda cha saba, penisilini. Nasoma jina. Nasoma tena. Lori la chumvi ndilo lililomleta usiku wa kuamkia siku ile, amechomwa ya kwanza asubuhi na Bwana Hamza, muuguzi wa zamu ya asubuhi. Zile za jioni zimeandikwa ni zangu.

Dada, wewe unajua. Ila hebu niandike, maana nikiliandika labda nitaliona lilivyo. Miaka minne tangu wameoana sijamtazama Saidi usoni. Nikimwona njiani najitanda, naingia kichochoro cha karibu. Naye akiniona mbele anatua mzigo wake na kugeukia ukuta mpaka nipite. Akija nyumbani hukaa barazani, mimi niko ndani nyuma ya pazia, na maneno yetu yanapita kwa Mwanamvua. "Mwambie mama nimeleta samaki." "Mwambie nimepokea, Mungu ambariki." Nasi tunasikiana vizuri kabisa, kati yetu ni kizingiti tu. Hiyo ndiyo heshima yetu na ndiyo mapenzi yetu. Sijui mkwe anayempenda mama mkwe wake kuliko Saidi anavyonipenda mimi.

Ndiye huyo nimfunue shuka, nimgawe mafungu manne kama papai.

Nilikwenda. Nisidanganye kwamba sikwenda. Nilivuta dawa kwenye bomba, ile penisilini nyeupe nzito kama tui la kwanza, nikazungusha pazia la fremu ya mbao kitandani. Alikuwa akitweta. Aliposikia hatua akafumbua macho, akaniona. Papo hapo akavuta shuka mpaka kichwani.

"Mama," akasema mle ndani ya shuka. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha bila ya mtu katikati. "Nakuomba. Usinitie aibu hiyo."

"Ni dawa, baba."

"Najua ni dawa. Atanichoma yule bwana kesho. Niko nafuu, mama. Nenda tu."

Ningeweza kumwita Sista. Alikuwa wodi ya wazazi, ni kuvuka ua tu. Lakini nikauona uso wake moyoni, na basi la kunirudisha, na mlango wa bluu wa zahanati. Nikasema moyoni: ni moja tu, ya asubuhi itafidia. Nikaimwaga dawa kwenye beseni la maji machafu. Kisha nikachukua chati yake, nikatia alama ya vema kwenye saa kumi na moja, na pembeni nikatia herufi za jina langu.

Jumatatu tena. Nilivuta dawa, nikasimama nyuma ya pazia nikihesabu mpaka sitini ili wodi ione nimefanya kazi, nikamwaga. Alikuwa amejifunika tangu aliposikia magurudumu ya toroli, nami nilikuwa nimeinamisha uso. Tulikuwa kama watu wawili wanaoiba nyumba moja, kila mmoja na chumba chake.

Jumanne sikuvuta hata hiyo dawa. Niliandika tu.

Kitanda cha nane yumo Mzee Shomari, mgema aliyeanguka kutoka mnazini. Mguu wake uko ndani ya plasta, umening'inizwa juu kama ndizi. Mdomo wake haukuanguka naye. Jumanne ile, nimerudisha tu chati mahali pake, akapaza sauti wodi nzima isikie.

"Muuguzi! Jirani yangu huyu asubuhi anachomwa sindano, jioni anachomwa kalamu. Hiyo dawa mpya mmeletewa lini?"

Wodi ikacheka. Nami nikacheka, dada. Nikamwambia, "Mzee, wewe shughulika na mguu wako."

"Mguu wangu umefungwa, mama. Macho ndiyo waliyosahau kufunga."

Nilikwenda chooni nikafunga mlango kwa komeo.

Jana Jumatano ikaja raundi ya daktari. Homa ya Saidi imepanda, kifua kinapanda na kushuka haraka kama cha kuku aliyekimbizwa, midomo imebadilika rangi. Daktari akachukua chati akasoma. Sindano saba zimeandikwa, saba zina alama. Akamwambia Sista, "Siku tatu kamili anapata dawa, asubuhi na jioni, na hali ndiyo hii. Dawa haimwezi, tuisimamishe kuanzia jioni ya leo. Labda kifua kina maji, au ni kitu kingine kabisa. Kesho mchana apelekwe Dar, wakamtoboe ubavu waangalie."

Sista akauliza kama atastahimili barabara, na mvua hii.

Daktari akasema hajui.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na sinia mkononi. Ulimi nilikuwa nao. Ni mimi peke yangu katika chumba kile niliyejua kwamba sindano ni nne na si saba, kwamba dawa haijashindwa, haijapewa nafasi. Ilikuwa ni kusema sentensi moja. Raundi ikahamia kitanda cha nane, Mzee Shomari akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Nje, Mwanamvua alikwisha kusikia neno Dar. Nilimkuta amekaa chini kwenye ujia, na tumbo lake la miezi saba, miguu ameinyoosha kama mtoto. Amekuja toka Bagamoyo mjini tangu alfajiri na chombo cha uji amekifunga kwenye kanga. Saidi alikuwa hawezi kumeza. Akanipa mimi.

"Kunywa mama, umechoka. Saidi anasema unamwangalia vizuri. Anasema kila jioni unakuja. Mungu akulipe."

Yaani hata kwa mkewe alinisitiri.

Niliunywa uji wote mbele yake, kwa kuwa alikuwa ananitazama.

Usingizi sitausimulia. Nikuambie alfajiri ya leo. Niliswali peke yangu pembeni ya kitanda, wenzangu wamelala. Nikafika kwenye kikao, mahali pa kunyoosha kidole cha shahada. Nikakinyoosha. Nikakitazama. Ndicho kidole hichohicho ninachobania kalamu, kina doa la wino pembeni. Kidole kimoja nakitumia kushuhudia kwamba Mungu ni mmoja, na hicho hicho nimeandikia kwamba nimemchoma mtu dawa ambayo iko kwenye beseni. Sikuweza kuimalizia sala ile, Mungu anisamehe. Niliivunja nikajitanda nikatoka.

Sista alikuwa anahesabu mashuka ya kubadilisha. Nikamwambia bila salamu.

"Kitanda cha saba hakupata sindano za jioni. Niliandika tu."

Hakugeuka. "Ngapi?"

"Tatu."

"Zote za kwako?"

"Zote."

Hapo akageuka. "Ni nani wako?"

Sijui alijuaje. Labda ilikuwa imeandikwa usoni. Nikasema, "Mkwe. Amemwoa binti yangu."

Nilitegemea apige kelele. Aliweka shuka chini taratibu, akalilaza vizuri, kona kwa kona. "Nilisema humu ndani hakuna mkwe ili mgonjwa apate dawa, mama. Sikusema ili akose. Ungekuja hata kwa kutambaa ukaniambia, Sista nimeshindwa, ningekutukana, halafu ningekwenda kumchoma mwenyewe. Matusi yangu yanaua?"

Hayaui. Niliyaogopa kuliko kifo cha mtu, na hayaui.

Alikwenda kwa daktari karibu kwa kukimbia, na sijawahi kumwona akikimbia. Daktari akaja na nywele hazijachanwa. Hakunigombeza hata kidogo, na afadhali angenigombeza. Alichukua kalamu nyekundu, akakata zile herufi za jina langu, moja, mbili, tatu, na mbele ya kila moja akaandika: haikutolewa. Safari ya Dar ikafutwa. Akaandika penisilini ianze upya, kila baada ya saa sita. Akamwambia Sista kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu siku hizi yanasikia kila kitu, "Tungemtoa kwenye kitanda, kwenye mvua, kwa sababu ya alama tatu."

Sista akaniambia, "Beba sinia."

Nikabeba. Alizungusha pazia, akamfunua, akamchoma yeye mwenyewe, nami nimesimama na sinia natazama ukuta. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia Saidi akivuta shuka, akisema mama nakuomba. Nilikuwa namwombea Mungu iwe haraka, asiaibike sana.

Hakuvuta shuka. Nikageuka kidogo. Alikuwa anatazama dari, macho wazi, mwenyewe hayuko. Mimi mama mkwe wake nimesimama pale, amefunuliwa, wala hakujua. Hakuwa amebakiwa na nguvu hata ya kuona haya.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilimlindia aibu yake mpaka ikamtoka yenyewe.

Niliweka sinia ukingoni mwa kitanda ili nimfunike. Sista akalichukua. Akasema nitoke, nisiguse tena mgonjwa wala chati, nikafue mashuka mpaka Jumamosi, siku ambayo daktari na yeye na mwenyekiti wa kijiji watakaa kuzungumza habari yangu. Sikumwuliza watasema nini. Kwa mara ya kwanza tangu nije huku sijali habari ya basi. Na wale wanawake wa kijijini waliopiga vigelegele sijui nitawaambia nini.

Nikipita kutoka, Mzee Shomari akanishika gauni.

"Umesema?"

"Nimesema, mzee."

"Haya. Nipe maji basi, koo limekauka."

Ilinibidi nimwambie siruhusiwi. Akaniachia gauni, akanyoosha mkono mwenyewe mpaka mezani, kikombe kikaanguka. Nacho sikuruhusiwa kukiokota.

Tangu saa hizo mpaka alasiri nilikuwa nyuma ya hospitali na wafuaji. Kazi haina neno. Rehema, yule msichana anayelala kitanda cha pili na changu, amekuja mara mbili kunipa habari mbiombio: amechomwa ya mchana, homa bado iko palepale. Mara ya pili nikamwuliza kama amesema neno lolote. "Hajasema, Mama Darasa." Akaona alivyoniita, akaziba mdomo. Daktari amesema haitajulikana kitu mpaka siku mbili zipite. Mapafu yana lao, amesema. Si kwamba ukianza upya leo basi ile Jumapili inarudi.

Nawaza ile Jumapili, dada. Naitengeneza upya kichwani. Navuka ua, nakwenda wodi ya wazazi, nagonga. Ni hatua ishirini tu. Nimezihesabu leo nikienda kuanika mashuka.

Na sasa ndilo lile nililokuandikia yote haya.

Mwanamvua hajui. Sista amesema hilo ni langu, hospitali haitamwambia kabla yangu. Saa nane alinikuta kwenye kamba, naanika. Alikuwa na furaha, eti safari ya Dar imefutwa, maana yake hali si mbaya. Akainama kunisaidia kukamua, na tumbo lile, nikamkataza.

"Mama, mbona uko huku? Si uko wodini?"

Nikamwambia, "Zamu imebadilika."

Hiyo ni ya nne. Tatu kwa kalamu, moja kwa mdomo.

Akasimama ameshika pembe ya shuka. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeuliza kitu kidogo tu, "Sasa jioni nani atamwangalia mume wangu?"

Nilivuta shuka likawa katikati yetu, kama pazia la nyumbani.

Ameketi pale chini ya ukuta wa wodi hivi ninavyoandika, namwona kwa dirisha la bweni. Anashona kofia ya mtoto. Magharibi ikiingia nitatawadha, niswali, niombe nguvu, kisha nitakwenda kumwambia. Nimesema hivyo hapa kwa wino ili nisipate pa kutokea. Lakini ninavyojijua siku hizi, kuandika jambo na kulifanya kwangu ni vitu viwili, wewe umekwisha kuona.

Kwa hiyo nijibu upesi, dada yangu, hata mistari miwili, mpe dereva yeyote wa basi linalokuja huku. Usiniandikie kwamba Mungu ni mwingi wa msamaha. Hilo nalijua, na Mungu nimekwisha kumwomba. Nataka uniandikie habari ya mtoto yule anayeshona pale ukutani. Nikishamwambia, atakaponiita tena mama, nitajuaje kama anamaanisha?